Matanga ya Bi Semeni

Choo cha nyumbani kilipima mkojo wa Bi Semeni alfajiri, kikakuta alama ya saratani imepanda, na kabla hajanawa mikono ofisi ya mtaa ilishaleta turubai. Ndiyo sheria: alama ikivuka mstari, matanga hukaliwa mapema, ili marehemu mtarajiwa asikie anavyopendwa.

"Ni mawe ya figo tu," alilalamika, mkono kiunoni. "Na mawe nayo huipandisha hiyo alama!"

"Kila maiti husema hivyo," akajibu mtani wake Kalunde, Mnyamwezi wa nyumba ya pili, ambaye tayari alishajifunga kitenge cha marehemu. "Nyie Wazaramo kwa kuogopa kufa, mnasingizia hata kokoto."

Bi Semeni akacheka, kiuno kikauma. Akamkumbuka daktari wa zamani wa zahanati, aliyekuwa akimgonga mgongoni kwa ngumi na kuuliza, "Hapa?" Akipiga yowe, daktari hucheka: "Mawe hayo, mama. Kanywe maji." Basi. Hapakuwa na turubai wala kilio.

Siku ya tatu jiwe likatoka lenyewe na alama ikashuka. Turubai likakunjwa, waombolezaji wakaaga, Kalunde akarudisha kitenge huku akinung'unika kwamba amedhulumiwa urithi.

Bi Semeni, ambaye siku zote hizo alilala nje na waombolezaji, akaingia chumbani kujinyoosha. Mumewe, Mzee Pazi, alikuwa amelala katikati ya kitanda, mikono huku, miguu kule.

"Sogea, Baba Zena."

Mzee Pazi akafumbua macho, akajivuta pembeni.

"Samahani, mke wangu," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kuzoea."