Teke la Riziki

Siku mikanda ya kumtanua mtoto miguu ilipofunguliwa hospitalini, Mwanasha alimshikilia mezani. Kama nyonga ya mwanawe Riziki haikurudi mahali pake, mtoto angepasuliwa. Daktari akaikunja miguu, akaikunjua, akaikunja tena. Riziki akachoka kuchezewa, akamtandika daktari teke la kidevu.

"Nyonga imekaa," daktari akasema, akijipapasa meno. "Imekaa barabara, mama."

"Sasa naweza kumbeba mgongoni?"

"Mbebe, miguu ikumbatie kiuno. Ndiyo dawa yenyewe hiyo."

Mwanasha akavua kanga ya begani, akafunga mbeleko palepale. Wauza mihogo wa njiani wanaapa ardhi ilitikisika alipopita. Riziki alimpiga mateke ya mbavuni kama mpanda punda aliyechelewa, na mama akazidi kukaza mwendo, akaupita hata mlango wa nyumba yao.