Meno Mawili ya Chini

"Hayaumi, hayatikisiki, hayana hata tundu," alifoka Daktari Abdulrazaki, akiuachia mdomo wa Anna. "Sasa ning'oe nini?"

"Hayo mawili ya chini, baba," alisema Bibi Tereza. "Mama yake alikufa kwa pepopunda. Meno yalibana, uji ukakosa pengo la kupitia. Nimebakiwa na mjukuu huyu tu."

Daktari akacheka kwa pua. Shikamoo hakuwa amempa, ingawa bibi yule angeweza kumzaa. Serikali iliporuhusu zahanati za watu binafsi, alifungua ya meno pale Dodoma mjini ili atibu watu wenye akili zao. Badala yake aliletewa hawa wa Ihumwa na mila zao!

"Pepopunda ina chanjo, bibi. Tiba ni kumwondolea mtu maradhi. Kumng'oa mzima ni ushenzi."

"Chanjo tumeambiwa zimekwisha. Ukikataa, shangazi yake atamng'oa kwa kisu, na kisu chenyewe kina kutu. Ndiyo maana nimemleta kwako wewe mwenye ganzi."

"Ganzi iliyobaki ni ya mgonjwa wa saa kumi."

"Maskini. Anaumwa sana?"

"Wiki nzima hajalala," alidakia Denis, msaidizi, huku akichemsha makoleo. Daktari akamkata jicho.

Bibi Tereza hakubembeleza. Alishukuru kwa adabu, akamshika mjukuu wake mkono, wakatoka. Anna alikuwa akijipapasa mdomo.

Daktari akasonya. "Unaona, Denis? Biashara huria imeleta kila kitu nchi hii isipokuwa akili. Mungu kakupa meno mazima, wewe unataka kumkosoa!"

Denis alijitia kuhesabu pamba.

Saa kumi ilipofika, Daktari mwenyewe ndiye aliyefunga mlango kwa komeo. Denis akavuta ile ganzi ya mwisho kwenye sindano.

Daktari akavua koti lake jeupe, akalitundika, akapanda kwenye kiti cha wagonjwa na kujilaza.

"Hili la mbele, la juu," alisema, akiligonga kwa ukucha.

Denis akalitikisa. Halikucheza. "Lakini daktari, hili ni zima."

"Nani kakuuliza? Ng'oa taratibu, fizi ziwahi kupona kabla ya harusi yangu. La dhahabu limeshafika kutoka Dubai."