Kilo Thelathini za Mfano

Haya kanisimulia mjukuu wangu leo asubuhi.

Yeye na mwenzake kazini wametengeneza programu ya kukadiria dozi za watoto. Ni ya bure, fundi yeyote wa kompyuta aichukue aiunganishe na yake. Ilibaki kuamua tu itoke na maelezo gani.

"Watu hawasomi, dada," mwenzake alimwambia. "Weka mfano mmoja wanakili, yaishe."

Akakubali. Akampa shemeji yake, naye fundi, aijaribu kwanza.

Jana mchana, shemeji akiwa kwao, mtoto wa mjukuu wangu akachemka homa. Shemeji akachomoa simu, programu ile keshaiunganisha na yake. "Tulia, mama mtoto. Leo daktari ni mimi!"

Mjukuu wangu alipogeuka, kijiko kilikuwa kimejaa pomoni, tone jekundu linaning'inia ukingoni, na mtoto keshafungua kinywa. Akatupa jicho kwenye simu. Uzito: kilo thelathini.

Mtoto hajafika hata kilo kumi.

Alikipiga kijiko kofi. Dawa ikamchuruzika shemeji hadi kwenye kiwiko.

"Sasa shem, si nimenakili mfano wako vilevile!"

Ile thelathini ya mfano aliiandika mjukuu wangu mwenyewe, ijaze nafasi tu.

Akampigia mwenzake. "Haitoki hivi hivi. Naandika maelezo yote, asome hata asiyesoma."

Akapima dawa upya, mtoto akanywa, akalala. Shemeji akasinzia kitini. Mjukuu wangu aliandika kwa mkono mmoja mpaka usingizi ukamwangusha juu ya meza, na kijiko bado kakikamata.