Picha Iliyofungwa kwa Gazeti

Tangazo la nyumba ya kupanga, vyumba viwili, choo ndani, lilikuwa limejichapa katikati ya anga la picha, kinyumenyume, pamoja na namba ya simu. Chini yake vipande vya gazeti vilikuwa bado vimeng'ang'ania rangi.

“Ulivuta kwa nguvu?” fundi wa picha aliuliza.

“Nilivuta taratibu,” binti alisema. “Halafu nikavuta kwa nguvu.”

Alikuwa amehama nyumba wiki iliyopita. Sahani, vikombe, picha, vyote alivifunga kwa magazeti, na vyote vilifika salama isipokuwa hicho kimoja ambacho angekikimbilia kwanza nyumba ikishika moto. Shangazi yake, dada wa baba, alimsindikiza kwa fundi bila kuombwa. Tangu waingie alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba kaukumbatia kifuani.

“Tuiache tu, mwanangu,” shangazi alisema. “Nyumbani zimejaa. Moja ikiharibika, basi, imeharibika.”

“Hii ndiyo ya mwaka huu, shangazi.”

Ikabidi amweleze fundi. “Mama alikuwa mchoraji. Alifariki nikiwa na miaka mitano, huko mbali alikopelekwa kutibiwa, na huko huko wakamzika. Lakini aliniachia sanduku la picha. Kila siku yangu ya kuzaliwa baba ananitolea moja. Zote ni za msichana aliyegeuka mgongo, kila mwaka kakua kidogo. Ni mimi, jinsi mama alivyodhani nitakuwa.” Akajipapasa kichogo, alichokuwa amekinyoa wakati wa mvua za mwaka huu. “Mwaka huu kapatia hadi nywele.”

Alijaribu kucheka. Baba mwenyewe hakuwa na la kusema siku hizi. Kiharusi kilimpiga mwaka jana, kikachukua upande mmoja wa mwili na ulimi wote. Ndiyo maana safari hii picha aliileta shangazi.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi. Wateja walimtania kwamba fremu zake zinakuja na hotuba ya bure. Leo kazi ilitangulia hotuba. Alichovya pamba kwenye tapentaini, akapitisha pembeni mwa picha, polepole. Pamba ikatoka bluu. Akachukua nyingine. Bluu tena. Akabonyeza ukucha pale rangi ilipokuwa nene, na ukucha ukazama kama kwenye sabuni iliyolowa.

“Hii uliifunga ikiwa mbichi,” alisema.

“Mbichi vipi? Ina miaka ishirini.”

Fundi akavuta kiti.

“Sikiliza, mwanangu. Rangi ya maji ukiipaka asubuhi, mchana unauegemea ukuta. Maji yameondoka, kazi imekwisha. Hii ni rangi ya mafuta, na hapa hakiondoki kitu. Mafuta yanavuta hewa, kidogo kidogo, yanaganda. Juu yanaanza kushika utando, kama uji, na ndani bado mbichi. Wiki kadhaa, miezi. Ikiwa nene hivi, hata mwaka. Uipepee, uianike, utajichosha bure.”

“Na ikishafika miaka ishirini?”

“Jiwe. Ungeifunga kwa gazeti mwaka mzima, halafu ungelitoa gazeti lako ukalisoma.” Akaitazama ile pamba mkononi. “Hii haina hata miezi mitatu.”

“Fundi,” shangazi alisema, “wewe safisha, usituletee maneno.”

Binti aliketi bila kuangalia anakalia nini. Aliwaza picha zote zilizoko ukutani, alizokuwa akiziaga kila asubuhi tangu akiwa na sare za shule. Kumbe kuna mtu mahali fulani aliyekuwa akiagizwa kila mwaka amchoree yatima picha ziitwe za mama. Na kama hii si ya mama, basi huenda hakuna hata moja iliyo yake, na yeye hana chochote cha mama duniani, hata alama ya kidole.

Hasira ilimpanda, kisha ikakosa pa kwenda. Utamgombezaje mtu unayemlisha kwa kijiko na kumfuta kidevu? Angemwuliza baba jioni, na baba angemtazama, machozi yakamtoka, kama yanavyomtoka kwa kila kitu siku hizi, hata kwa taarifa ya hali ya hewa.

“Shangazi, baba alikuwa anamtuma nani?”

Shangazi aliukaza mkoba kifuani. Fundi akajitia kutafuta pamba, na pamba ilikuwa mbele yake.

“Niambie tu. Sitagombana na mtu, sina hata nguvu hizo. Nataka kujua kama kati ya zote kuna hata moja aliyoichora mama.”

“Zote,” shangazi alisema.

“Hii ni mbichi, shangazi. Umemsikia fundi.”

“Nimemsikia.”

“Sasa?”

Mkoba ulimteleza shangazi kifuani, ukaanguka, vitu vikatawanyika chini, naye hakuinama kuviokota.

“Nilimwambia aiache ikauke kwanza,” alisema. “Mama yako akakataa. Akasema siku ya mwanawe itapita.”