Siku Saba Bila Kushika Randa

Kila asubuhi, kabla ya chai, seremala alinoa randa yake kizingitini. Aliendelea kufanya hivyo hata baada ya kiwanda cha samani alikoajiriwa kufungwa, miaka mitatu sasa. Lakini wiki hii randa ilikuwa ndani ya sanduku, sanduku limefungwa kamba, na yeye amekaa juu yake kama abiria.

Jirani alipiga hodi, bawaba ya mlango mkononi.

"Fundi, nipigie misumari miwili tu. Dakika tano."

"Njoo kesho."

"Mlango nimeuegemeza kwa ndoo."

"Basi ndoo na ifanye kazi mpaka kesho."

Jirani alimtazama mke wa seremala. Mke akatazama ukuta. Huyo alikuwa mteja wa nne kurudishwa wiki hiyo. Jumatatu mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kuomba madawati arobaini yakarabatiwe, kazi ya mwezi mzima, akaambiwa asubiri wiki moja. Hakusubiri. Jana madawati yalipita juu ya lori yakielekea kwa fundi mwingine, na seremala alisimama dirishani mpaka vumbi likatua.

"Wenzako wanamgomea mwajiri," mke alisema jirani alipoondoka. "Wewe unamgomea nani?"

"Leo ni siku ya saba. Binti wa takwimu anakuja."

Binti wa takwimu alikuwa mdadisi wa serikali, msichana wa sauti ndogo aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana kazi na nani hana. Nyumba yao ilichaguliwa kwa ziara nne, moja kila baada ya miezi mitatu, kwa tarehe zilizopangwa tangu mwanzo. Mara tatu alikuwa ameuliza swali lile lile: katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote ya kujipatia kitu, angalau kwa saa moja? Mara ya kwanza seremala alikuwa ametengeneza mguu wa kiti. Mara ya pili, fremu ya picha. Ya tatu, kibanda cha kuku. Mara zote aliandikwa ana kazi.

"Kwa mguu wa kiti?" aliuliza siku ile ya kwanza.

"Saa moja inatosha, baba. Ndiyo kanuni." Msichana alisema hivyo akitazama chini, kana kwamba kanuni aliitunga yeye.

Na kila mara, wiki chache baadaye, msemaji wa serikali alitangaza redioni kwamba wasio na kazi wamepungua. Wapinzani wakasema takwimu zimepikwa. Seremala hakujua zinapikwaje. Alijua tu kwamba yeye alikuwa ndani ya ile sufuria.

Ziara ya nne ndiyo ya mwisho. Safari hii hakutaka wamkute hata na msumari.

Mdadisi alifika saa nne. Walizoea kumwona akishuka kwenye gari jeupe la ofisi. Leo miguu yake ilikuwa na vumbi hadi vifundoni. Mke alimpa chai. Ziara zile nyingine aliikataa akisema hawaruhusiwi. Leo aliinywa, akakubali na mkate, akaula polepole mpaka ukaisha.

"Kile kishikwambi chenu kiko wapi?" seremala aliuliza alipomwona anafungua daftari la shule.

"Leo naandika kwa mkono, baba."

"Afadhali. Cha mkono hakifutiki ovyo."

Redio ilikuwa imewashwa. Msemaji wa serikali alikuwa akisema kwamba kwa robo hii ya mwaka pia, wasio na kazi wamepungua. Seremala alipunguza sauti.

"Wametangazaje, nawe hujanifikia?"

Msichana alipangusa makombo kwenye sketi. "Labda wameanza na wengine."

"Basi watarekebisha." Seremala alijiweka sawa juu ya sanduku. "Uliza."

Aliuliza bila kusoma popote. Swali zima alikuwa nalo kichwani, na lilimtoka kama mtu anayetaja anwani ya nyumba aliyohama.

"Sikufanya," seremala alijibu.

"Hata saa moja?"

"Hata dakika. Muulize huyu."

"Hajafanya," mke alisema. "Madawati arobaini yamepita hapo nje akiyatazama. Mwandike vizuri, mwanangu, maana hizo siku saba zake tutazila mpaka mwakani."

Kalamu ilisimama. Msichana alitazama sanduku, kisha kamba, kisha uso wa seremala.

"Madawati gani, mama?"

Mke alimweleza. Hakupandisha sauti. Alieleza kuhusu mwalimu mkuu, lori, wateja wawili waliorudishwa, mmoja wa kitanda na mwingine wa kabati, na jirani mwenye bawaba, na kwamba yote hayo yalikuwa kwa ajili ya ziara hii, ili walau mara moja mumewe aandikwe kama alivyo. Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika. Yalikuwa maneno mawili tu, lakini yalimchukua muda mrefu.

"Nisomee," seremala alisema.

"Hana kazi."

Aliyasikiliza. Alidhani angehisi kitu, hata aibu. Hakuhisi. Labda yakishafika ofisini, alifikiri. Labda yakishasemwa redioni na yule mwenye sauti nzuri.

Akainuka juu ya sanduku, akanyoosha mgongo. "Yapeleke leo hii. Usiyalaze."

Msichana hakuinuka. Alifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena.

"Hakuna wa kumpelekea, baba," alisema. "Walituachisha kazi wadadisi wote, miezi miwili sasa, na nimeshindwa kumwambia mtu."