Samadi ya Zizini

"Thubutu uone! Mke wa mwanangu haingii zizi la baba mkwe wake," mama mkwe alifoka, amesimama katikati ya mlango wa zizi la mawe. "Kwenu hawakukufundisha?"

"Zizi gani, Mama? Ng'ombe waliibwa miaka mitatu iliyopita," Mathapelo alijibu. "Julai inaisha. Samadi isipochanganywa na udongo sasa, Agosti tutapanda viazi kwenye vumbi tena. Watu tisa tutakula nini?"

"Mume wako ataitoa akirudi kutoka mgodini."

"Anarudi Krismasi. Viazi vitamsubiri?"

"Una mdomo! Ndiyo maana hata kabichi zilikukataa."

Mwaka jana kabichi hizo zilitoka na ukubwa wa ngumi ya mtoto, na watoto walizigombania hivyohivyo.

Mathapelo alikaza blanketi lake kiunoni, akapitisha toroli na sepetu juu ya ukuta pale ulipobomoka, akauruka, akatua ndani ya zizi. Mama mkwe akapiga yowe.

Sepetu iligonga barafu ya alfajiri mara mbili kabla haijazama. Chini yake samadi ilikuwa nyeusi, laini, imejaa minyoo.

Akajaza toroli hadi juu, akaisukuma mpaka mlangoni.

"Pisha, Mama."