Paka Aliyemramba Kijibwa Uso

Palikuwa na Paka mpenda usafi, na hakuna aliyemuudhi kama jirani yake Kijibwa, mweupe mwenye michirizi myekundu ya machozi. Kila asubuhi alimkamata akamramba uso. Kila jioni michirizi imezidi.

"Unalia nini tena, wewe?"

"Dada Paka, mimi si—"

"Nyamaza nikusafishe!"

Mwishowe Paka akachoka, akasusa. Jirani mwingine, Mbuzi, akamtafunia Kijibwa nywele za usoni zilizomchoma machoni na kumtoa machozi, naye akawa anajifuta kwa kitambaa kikavu. Baada ya miezi kadhaa, uso mweupe pe.

Paka akahamaki. "Umefanyaje?"

"Nimejikausha tu. Unyevu ndio unaoleta wekundu, na ulimi wako haukuniacha nikauke."

"Mbona hukusema?"

"Kila nilipofungua mdomo, Dada, uliniramba."